Mapendo na Hati ya Mshahara

Sisi makatekista tunaofundisha wachumba tumezoea maswali ya namna moja. Mahari imekwisha kutolewa au bado? Wazazi wa pande zote mbili wamekubali? Matangazo yatasomwa Jumapili gani? Wasimamizi wa ndoa ni nani? Maswali hayo twayajua, na majibu yake twayajua. Lakini hapa Nguba, katika miaka hii, limeingia swali jingine ambalo halikuwamo katika mafundisho tuliyoyapata seminarini. Mchumba wa kike hungoja mpaka wenzake wameondoka, kisha huuliza kwa sauti ndogo: “Mwalimu, mchumba wangu yuko Ulaya. Nasikia ya kuwa hata tukifunga ndoa, serikali ya kule itataka kwanza kuuona mshahara wake. Je, mshahara ukiwa haufiki, ndoa yetu itakuwaje?”

Swali hili si la mchezo, wala si la watu wachache. Sisi wa Nguba ni watu wa mpakani. Mtu akisimama ukingoni mwa ziwa usiku, aziona taa za Kamembe ng'ambo ya pili, katika nchi ya Rwanda. Tangu vita ya mwaka 1996, na ile iliyofuata mwaka 1998, jamaa nyingi za Bukavu zimetawanyika. Huyu ana kaka Brussels, yule ana shangazi Montréal, mwingine ana mtoto Nairobi. Vijana waliokwenda huko hawakusahau nyumbani. Wakitaka kuoa, wengi wao huwaandikia wazazi wawatafutie msichana wa kwao, Mkristu, anayejua desturi. Basi ndoa za namna hii zipo na zitaendelea kuwapo, nasi yafaa tuzijue vema.

Kwanza nitaeleza sheria yenyewe, maana mtu asiyejua sheria huwa na hofu bure, tena hudanganywa kwa urahisi. Nachukua mfano wa Ubelgiji, kwa kuwa ndiko wanakokwenda wengi wa kwetu. Mke anayetaka kumfuata mumewe huko haombi viza ya matembezi. Huomba viza ya kukaa muda mrefu, kwa ajili ya kuunganisha familia. Msingi wa sheria hiyo ni sheria ya wageni ya tarehe 15 Desemba 1980. Zamani haikudai mshahara wa namna hii kwa kila mume. Ni badiliko la tarehe 8 Julai 2011 lililoweka kipimo. Mtu anayemwita mke wake alitakiwa kuonyesha mapato ya kudumu, ya kutosha, yanayoingia kwa utaratibu, yasiyopungua asilimia 120 ya msaada ambao serikali ya huko huwapa maskini wenye jamaa ya kutunza. Mwanzoni mwa mwaka 2025 kipimo hicho kilikuwa kama euro 2,131 kwa mwezi. Kisha ikaja sheria ya tarehe 18 Julai 2025, iliyoanza kutumika tarehe 18 Agosti mwaka ule ule. Hiyo iliacha kipimo cha msaada wa maskini, ikachukua kipimo cha mshahara wa chini kabisa wa mfanyakazi, ikaongeza asilimia 10 juu yake. Hesabu yake ilifika euro 2,323 kwa mwezi, na kila mtu mwingine wa kutunzwa aongezewa asilimia 10 zaidi.

Mtu asidhani ya kuwa Ubelgiji ni peke yake. Uingereza iliweka pauni 18,600 kwa mwaka tangu Julai 2012, na tarehe 11 Aprili 2024 ikapandisha mpaka pauni 29,000. Marekani hutaka mapato yafike asilimia 125 ya kipimo chao cha umaskini, lakini humruhusu mume asiyefika kuleta mdhamini wa pili wa kusimama naye. Kanada, kwa mke peke yake, kwa kawaida haiweki kiasi cha mshahara. Humtaka mume kuahidi kwa maandiko ya kuwa atamtunza mke wake muda wa miaka mitatu. Kila nchi ina njia yake, wala yasemwayo kwa nchi moja hayafai kwa nyingine.

Sasa natazama makosa matatu ninayoyasikia mara nyingi, sokoni Nyawera na hata mlangoni mwa kanisa.

Kosa la kwanza ni kufikiri ya kuwa feza zinazotakiwa ni akiba. Jamaa wakisikia “euro elfu mbili na zaidi,” hukaa baraza, huuza kiwanja cha babu, hukusanya likelemba yote, wapate kuweka feza nyingi benki kwa jina la binti yao. Lakini ofisi ya wageni ya Brussels haitafuti mali ya binti aliye Bukavu. Hutazama kwanza mume aliye kule: mkataba wake wa kazi, hati zake za mshahara za mwezi kwa mwezi, na kama kazi hiyo itadumu. Msaada anaopewa maskini hauhesabiwi. Posho ya watoto haihesabiwi. Kazi ya leo ipo kesho haipo, hata ikilipa vizuri mwezi mmoja, ni tegemeo dhaifu. Tena yatakiwa nyumba ya kuwatosha na bima ya ugonjwa. Basi jamaa wanaouza kiwanja kwa ajili ya hesabu hiyo wapoteza kiwanja, na hesabu yabaki pale pale.

Kosa la pili ni kufikiri ya kuwa cheti cha ndoa cha parokia chatosha. Sisi twajua ya kuwa sakramenti ya ndoa ni kitu kitakatifu mbele ya Mungu na mbele ya Kanisa. Lakini ubalozi hausomi kitabu cha parokia. Wataka hati ya ndoa ya serikali, iliyoandikwa komini kwa kufuata Sheria ya Familia ya Kongo ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, tena iwe na mihuri ya wakubwa wanaohusika. Wako Wakristu waliofunga ndoa kanisani kwa furaha kubwa, na baada ya miaka mitatu waligundua ya kuwa mbele ya serikali wao ni kama wachumba tu. Ndiyo sababu siku hizi tunawaambia wachumba: nendeni komini kabla ya kuja altareni.

Kosa la tatu ndilo baya kuliko yote, nalo ni kumwamini mkomisioneri. Huyu ni mtu anayevaa suti safi, mwenye simu mbili, anayesema ya kuwa anamjua mtu ndani. Kazi yake ni kuuza karatasi. Atauza hati ya mshahara ya kampuni isiyokuwapo, barua ya mwenye nyumba asiyekuwapo, hata picha za arusi isiyofanyika. Njia ya mwongo ni fupi. Hati ya mshahara ya Ubelgiji hupimwa na hesabu za serikali ya Ubelgiji yenyewe, kwa kuwa kila mfanyakazi na kila mwajiri ameandikwa huko. Uongo ukionekana, si viza tu inayokataliwa. Mume aweza kupoteza ruhusa yake ya kukaa, na jina la mke labaki katika kumbukumbu zao miaka mingi.

Nawaambieni habari ya ndoa moja ya shirika letu, bila kutaja majina, na wenyewe wamenipa ruhusa. Kijana huyo alikwenda Ubelgiji kusoma uuguzi, akapata kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Mwezi wa Agosti 2023 alirudi Bukavu, akaandikisha ndoa komini, kisha akafunga ndoa kanisani na msichana wa jirani zetu. Baada ya majuma matatu likizo ikaisha, akarudi kazini. Mke akabaki kwa mama mkwe.

Wakati ule mkataba wa yule kijana ulikuwa wa muda, miezi sita kwa miezi sita. Mshahara ulipanda na kushuka kwa kadiri ya zamu za usiku alizopewa. Hawakuomba viza, maana waliambiwa ya kuwa mapato ya namna hiyo yangekataliwa, na ada zote zingepotea. Wakakubaliana kungoja. Mwaka 2024 wote ukapita hivyo. Mke alishona nguo, mume alifanya zamu, na jioni walisema kwa simu. Watu wa mtaani wakaanza kuwacheka, wakiita ndoa yao “ndoa ya simu”.

Mwezi wa Januari 2025 kijana akapata mkataba wa kudumu. Mshahara ukawa euro 2,180, juu ya kipimo cha wakati ule. Alimpigia mkewe simu, wakalia kwa furaha. Lakini mwezi ule ule, siku za mwisho, mji wa Goma uliangukia mikononi mwa M23. Katikati ya Februari ukafuata uwanja wa ndege wa Kavumu, na kisha mji wetu wa Bukavu. Benki zikafunga milango. Ndege za kwenda Kinshasa zikawa hazipo. Na tarehe 17 Machi Rwanda ikavunja uhusiano wake na Ubelgiji, hata ubalozi wa Ubelgiji wa Kigali, ulio karibu nasi kuliko wa Kinshasa, ukafungwa. Hesabu ya mshahara ilikuwa imetimia, lakini njia ya kuipeleka ilikuwa imekatika.

Katika mwezi wa Mei tukasikia ya kuwa huko Brussels wanaandaa sheria ngumu zaidi. Hapo ndipo jaribu lilipokuja. Ndugu mmoja wa jamaa ile aliniletea barua iliyokwisha kuandikwa kwa mashini, akataka niitie sahihi kama katekista. Ilisema ya kuwa mimi nathibitisha ya kuwa mume na mke waliishi pamoja nyumba moja miaka mitano kabla ya arusi. Nilimwambia: “Ndugu yangu, wewe wajua na mimi najua ya kuwa neno hili si kweli. Nitaandika yale niliyoyaona kwa macho.” Akasema: “Mwalimu, neno moja tu, wala halimwumizi mtu. Wataka dada huyu azeekee hapa?” Nikakataa. Nikaandika barua nyingine, fupi: tarehe za mafundisho, tarehe za matangazo matatu, siku ya ndoa, majina ya wasimamizi, na ya kuwa tangu siku ile mke huyu amekaa kwa mkwewe kwa heshima.

Nawaambia kweli, siku zile hazikuwa nyepesi. Majuma mengi mama wa nyumba ile hakuitikia salamu yangu njiani. Yeye alimtazama mkaza mwana wake akikonda, nami nilionekana kuwa mtu anayezishika karatasi kuliko watu. Lakini yule mke mwenyewe alikuja baadaye, akasema: “Baba katekista, mume wangu amesema barua yako ndiyo tutakayoitumia. Hataki nianze maisha yake na uongo ambao nitapaswa kuukumbuka kila nikiulizwa.” Na kweli, katika mashauri ya namna hii mke na mume huweza kuulizwa kila mmoja mahali pake, kisha majibu hulinganishwa.

Mwezi wa Julai akafunga safari. Shirika letu lilikusanya nauli. Akina mama wanaouza sambaza walitoa, fundi viatu alitoa, mjane mmoja alitoa franga za siku moja ya soko. Mume akatuma iliyosalia. Yule dada akavuka Ruzizi, akaenda Kigali kwa basi, toka Kigali mpaka Nairobi, toka Nairobi mpaka Kinshasa kwa ndege. Ni kuzunguka nchi za watu ili kufika mji mkuu wa nchi yako mwenyewe! Hati yake ya ndoa ilikuwa ya mwaka 2023, yenye muhuri wa komini kabla ya mageuzi ya mji, na jambo hilo lilimwepusha na maswali mengi. Alitoa karatasi zake zote kabla ya tarehe 18 Agosti, siku ambayo sheria mpya ilianza kutumika.

Fikirini, wasomaji. Mume ni yule yule, mkataba ni ule ule, mshahara ni ule ule. Angechelewa majuma machache, angepungukiwa euro 143 kila mwezi, na shauri lote lingebadilika. Ninapoandika haya, jibu bado halijafika. Mama mkwe aitikia salamu tena, nao wote wangoja.

Sasa twaweza kuuliza: je, ni haki kwa serikali kupima ndoa kwa mshahara? Nataka tuwe watu wa haki kwa pande zote mbili. Serikali ya kule yasema: “Anayemleta mke aweze kumlisha, asije akautupa mzigo wake juu ya watu wote.” Neno hilo si geni kwetu. Bwana Yesu mwenyewe, katika Injili ya Luka, alitoa mfano wa mtu ajengaye mnara, ambaye huketi kwanza akahesabu gharama. Na wazee wetu Washi waliuliza vivyo hivyo. Kijana alikuja kuchumbia, nao wakauliza: ng'ombe wako wapi? Shamba liko wapi? Nani atasimama nawe njaa ikija? Mahari haikuwa bei ya msichana. Ilikuwa ushuhuda ya kuwa kijana na jamaa yake waweza kubeba nyumba.

Lakini tazameni tofauti. Baba wa msichana ni mtu, ana macho na masikio. Kijana maskini alipokuja na ng'ombe mmoja badala ya wanne, wazee walikaa, wakanywa kasiksi, wakamwuliza habari zake. Wakiona ni mtu wa kazi na wa maneno ya kweli, walimwambia: “Mchukue mke wako. Wengine utawaleta pole pole.” Deni lile halikuvunja ndoa, lilifunga jamaa mbili pamoja, hata miaka mingi. Mahari ya viza haina kusema pole pole. Haitolewi kwa mtu yeyote, ni ya kuonyeshwa tu. Tena hubadilika wakati kijana yuko njiani anailenga.

Nafurahi kusema ya kuwa hata waamuzi wa Ulaya wameliona neno hili. Tarehe 4 Machi 2010, Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua shauri la familia ya Chakroun, iliyokataliwa na Uholanzi. Nchi ile ilikuwa imeweka kipimo cha asilimia 120 ya mshahara wa chini, na mume alipungukiwa. Waamuzi walisema ya kuwa nchi yaweza kuweka kiasi cha kulinganishia, lakini haiwezi kumkataa mtu kwa sababu ya kiasi hicho peke yake, bila kutazama hali ya jamaa yake yenyewe: kodi ya nyumba ni kiasi gani, wanakula watu wangapi, wanaishi namna gani. Hivi ndivyo wazee wetu walivyofanya wakiwa wameketi chini ya mti. Kwa hiyo mume anayepungukiwa kidogo asikate tamaa upesi. Aandike gharama zake zote kwa kweli, aziweke pamoja na hati zake, na atafute mwanasheria.

Nalo Kanisa limesema mapema. Baba Mtakatifu Pius XII, katika hati yake juu ya wahamaji ya tarehe 1 Agosti 1952, aliwakumbusha Wakristu Jamaa Takatifu iliyokimbilia Misri, akaiweka kuwa mfano wa kila jamaa iliyohama. Hati ya Haki za Familia, iliyotolewa na Kiti Kitakatifu tarehe 22 Oktoba 1983, yasema ya kuwa mfanyakazi aliye ugenini ana haki ya kuunganishwa na jamaa yake mapema iwezekanavyo. Na sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yafundisha ya kuwa mke na mume wana wajibu na haki ya kukaa pamoja, isipokuwa wakiwa na sababu halali. Kukaa pamoja, basi, si zawadi ya serikali kwa wenye mshahara mzuri. Ni jambo la ndoa yenyewe. Serikali yaweza kuliwekea utaratibu, lakini si yenyewe iliyolianzisha.

Kwa kuwa mambo ni hivi, nawapa wachumba na wazazi mashauri machache, yatokayo katika kazi yetu ya kila siku.

Kwanza, ulizeni habari ya mkataba kabla ya kuuliza habari ya sherehe. Mchumba aliye ugenini aseme kwa kweli: mkataba wangu ni wa muda au wa kudumu? Napata kiasi gani mwezi kwa mwezi? Ruhusa yangu ya kukaa ni ya namna gani? Kijana anayeona haya kumwambia mchumba wake mshahara wake, atamwambia nini kesho akifukuzwa kazi? Wazazi nao wasimtoze mahari ya “mtu wa Ulaya”. Kila dola 1,000 mnazomdai juu ya desturi, zimetoka katika kodi ya nyumba ambayo ofisi itamwuliza.

Pili, ikiwa mume ni mkimbizi aliyekubaliwa, na ndoa yake ilifungwa kabla hajaondoka, aulize mara moja. Kwa watu wa namna hiyo sheria za Ulaya huliondoa sharti la mshahara, lakini kwa muda mfupi tu tangu siku alipokubaliwa. Siku zile zikipita, masharti yote yaweza kumrudia. Wako waliongoja mpaka wawe na nyumba nzuri, ndipo waombe, wakakuta mlango mwepesi umekwisha kufungwa.

Tatu, tunzeni ushuhuda wa kweli wa ndoa yenu: barua, picha, hati za feza zilizotumwa, tiketi za safari. Mambo hayo ndiyo yatakayosema kwa ajili yenu. Na sheria hizi hubadilika. Ulizeni ubalozi wenyewe au mwanasheria mwaka ule mnapoomba, msifuate habari ya jirani aliyekwenda miaka mitano iliyopita.

Nne, wekeni mpaka wa kungoja, mwuseme pamoja. Mke asiache kazi wala masomo yake kwa kuwa “anakwenda Ulaya”. Nimewaona wasichana walioacha chuo mwaka wa pili, wakakaa wakitazama simu miaka minne. Na mume akiona ya kuwa hesabu haitatimia, nao wawili wajiulize bila woga kama yeye ndiye atakayerudi, au kama wataonana mahali pengine. Ndoa ilifungwa ili waishi pamoja, nayo yaweza kukaa hata Bukavu, hata Bujumbura, hata Kigoma.

Kwa watu wa mashirika nina neno moja zaidi. Mke aliyeachwa na ndege si mjane, wala si msichana. Hana mahali pake wazi kati yetu. Wanaume wengine humjaribu, wakwe wengine humlinda kama mfungwa, rafiki zake humwonea wivu wakidhani apokea feza nyingi. Tusimcheke. Tumpe kazi katika shirika, tumwalike siku za sikukuu, na mumewe akipiga simu siku ya Krismasi, tumsalimie naye kama mtu wa nyumbani. Kijana yule aliyeko kule katika baridi, anayewaosha wazee wa watu wengine usiku ili hesabu itimie, naye ni Mkristu wa parokia yetu. Jina lake limo katika kitabu chetu cha ndoa, karibu na jina la mke wake, mstari mmoja. Tuwaombee wote wawili kwa majina yao kila tunapokutana, mpaka siku jibu litakapofika, liwe la namna gani.

Katekista, Nguba, Bukavu